Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri mbele ya wasomaji na wachoraji vijana waliokusanyika Mombasa. Wengine hawakuweza kufika, wengine walifika wakakosa pa kukaa wakarudi. Naiweka hapa nzima kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote? Shikamooni wazee wangu mlio mbele. Walimu wangu, akina mama mliotupikia chai, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa sababu viti vimekwisha, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa niwahadithie safari. Agosti 2024, sisi marafiki watatu tulikwenda Glasgow, Scotland, kwenye mkutano wa mashabiki wa hadithi za kisayansi na hadithi za ajabu. Mkutano huo unaitwa Worldcon, na ulikuwa wa 82. Tulikuwa tuwe wanne. Kwa nini tukawa watatu nitawaambia, maana bila ya hilo sina hotuba.

Katika kundi letu tunaitana kwa miji. Kuna Lamu, fundi umeme, msomaji kutushinda sote. Kuna Bukavu, mama wa watoto watatu, aliyetoka Kongo akiwa msichana. Kiswahili chake na changu ni ndugu wa mama mbalimbali, lakini tunaelewana hata tukigombana. Kuna Tanga, fundi cherehani. Na mimi ni Mombasa, ingawa mwaka wa 11 huu naishi Manchester, kazi yangu kutunza wazee. Kilichotukutanisha ni kusoma. Tulikuwa tunapeana hadithi kwa simu, usiku baada ya kazi, za vyombo vya angani na majini na miji iliyo chini ya bahari, na kila mmoja wetu alidhani yeye ndiye mtu mzima pekee anayependa mambo haya.

Nani hapa ameshaambiwa kwamba haya ni mambo ya watoto? Inueni mikono. Naona. Hata wewe mwalimu!

Sasa nisikilizeni. Ukienda uwanjani kuangalia mpira unanunua nini? Tiketi. Unaingia, unakaa, unashangilia, unarudi kwako. Ukienda Worldcon hununui tiketi ya kutazama. Unalipia uanachama. Mimi niliposoma neno hilo mara ya kwanza nilidhani ni njia ya kupamba bei. Sivyo. Mwanachama anapendekeza vitabu na kuvipigia kura ya tuzo ya Hugo, tuzo inayotolewa tangu 1953. Mwanachama ana nafasi ya kupiga kura mkutano ujao uende mji gani, kwa sababu mkutano huu hauna makao, kila mwaka unahamia mji mwingine. Na wanaouandaa hawalipwi mshahara, kuanzia mwenyekiti mpaka yule anayebandika karatasi mlangoni. Hakuna mtazamaji. Narudia kwa walio nyuma: hakuna mtazamaji.

Asubuhi ya kwanza tulisimama kwenye foleni ya kuchukua beji. Jengo lile liko ukingoni mwa mto Clyde, na foleni ilikuwa ndefu. Akaja bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe, anauliza kama kuna mtu wa kumsaidia mezani kwa saa moja. Watu wakatazamana. Bukavu akanyosha mkono. Nikamvuta gauni, nikamwambia dada, sisi ni wageni hapa. Akanijibu, "Mi niko na mikono mbili, na ile meza iko na kazi." Akaenda.

Saa moja ikawa siku nzima. Alikuwa anatafuta majina kwenye orodha, anatoa beji, anawaelekeza watu vyumba. Alipofika mtu wa Ufaransa anayehangaika na lugha, aliitwa Bukavu. Akija mtu amechoka kwa safari, Bukavu anamtafutia kiti. Jioni mimi na Lamu tulikuwa tumesikiliza wasemaji watano na hatumjui mtu hata mmoja. Bukavu hakusikiliza msemaji yeyote, na kesho yake kila kona tuliyopita naye aliitwa kwa jina. Nikajiuliza, kati yetu ni nani hasa aliyekwenda mkutanoni?

Mtu akiwa na chake hukilinda. Wiki chache kabla ya mkutano ule wasimamizi wa tuzo waligundua kura 377 zenye dalili za udanganyifu, karibu kura moja katika kila kumi. Wakazifuta, wakatangaza hadharani. Wangeweza kunyamaza. Lakini mwaka uliotangulia, mkutano ulipokuwa Chengdu, China, kazi kadhaa zilitolewa kwenye kinyang'anyiro bila maelezo ya kuridhisha, na mashabiki dunia nzima walipiga kelele miezi na miezi. Kelele za nini, kwa ajili ya sanamu ndogo ya roketi anayopewa mshindi? Ile roketi ni yao. Hawakupewa na kampuni wala serikali.

Kabla sijafika kwenye jambo langu kubwa, niwape haraka yale ya kufanya kundi likienda pamoja, hata kama mnakwenda tamasha la hapa hapa. Msiandamane siku nzima. Vyumba ni vingi, mazungumzo yanakwenda kwa wakati mmoja, na mkifuatana wanne mtaona kitu kimoja badala ya vinne. Tawanyikeni, wekeni saa na mahali pa kukutana. Sisi tulikutana saa 12 jioni mbele ya ukumbi mmoja wa bati za kung'aa, zimepandana kama magamba. Wenyeji wameupa jina la mnyama wa Amerika, lakini Lamu aliutazama mara moja tu akasema, "Huyu ni kakakuona." Tangu hapo kwetu ulikuwa Kakakuona. Wazoefu wana kanuni yao: kila siku usingizi saa tano, milo miwili, kuoga mara moja, na hakuna kupunguza. Sisi tuliongeza chupa ya chai ya iliki. Na jambo hili liingie masikioni: mtu akivaa vazi la ajabu, vazi lake si ruhusa. Usimshike, usimpige picha kabla ya kumuomba. Hata akiwa amevaa mbawa za futi sita.

Sasa mlango.

Mkutano wa kwanza ulifanyika New York mwaka 1939, watu kama 200. Siku ile walitokea kijana na mwanamke wamevaa mavazi ya karne zijazo, na aliyeyabuni na kuyashona ni yule mwanamke, Myrtle Douglas, mashabiki wakimwita Morojo. Mavazi yote mnayoyaona leo kwenye mikusanyiko kama hii, ukirudi nyuma, unafika kwenye mkono wa mwanamke mshonaji. Lakini siku hiyo hiyo, kwenye mkutano huo huo, vijana sita walizuiwa mlangoni kwa ugomvi wa makundi. Sita! Watu 200 duniani waliokuwa na mapenzi ya namna moja, na bado akapatikana wa kufungiwa nje.

Mkutano unaitwa wa dunia. Mpaka 1957 ndipo ulipotoka Amerika ya Kaskazini kwa mara ya kwanza, ukaenda London. Baadaye ukafika Ujerumani, Australia, Japani, Finland, China. Tangu 1939 hadi huo wa Glasgow haujakanyaga Afrika hata mara moja. Kwa hiyo mtu wa huku akitaka kwenda, lazima kwanza apite mlango mwingine, nao ni wa viza.

Tanga alijaza fomu. Akalipa. Akapeleka karatasi za benki, akapeleka barua ya mwaliko, akapeleka picha za duka lake lenye cherehani tatu. Siku tisa kabla ya safari jibu likaja: hapana. Waliandika kwamba hawakuridhika kuwa atarudi kwao. Mwanamke mwenye duka, mafundi wawili wanaomtegemea, na mama mzazi anayemnywesha dawa asubuhi na jioni, hatarudi kwao?

Nilimpigia simu nikiwa nalia. Nikamwambia shoga, na mimi siendi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Joho limeshafika huko. Utalivalisha msumari?"

Joho lenyewe ndilo hili. Wacha nilishike juu mlione.

Alikuwa amelishona miezi miwili kabla, akampa msafiri aniletee. Ni kanga doti moja, buluu iliyoiva, vidoti vyeupe kama mbingu ya usiku wa kaskazi. Mnaijua kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Mafundi wengi wakishona vazi la kanga, jina hulikata likapotea ndani ya mshono. Tanga hakukubali. Alianza na jina kwanza, akakata nguo yote kulizunguka. Likakaa mgongoni, chini kidogo ya mabega, herufi zote 24 zinasomeka: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Pindo akalizungusha shingoni likawa kola. Kwa ndani akaweka bafta nyeupe, ili joho lipate uzito litulie begani. Tazameni mshono huu wa ndani. Mnauona uzi? Mimi pia siuoni.

Basi tukaenda watatu na joho. Tulilivaa kwa zamu, siku moja mimi, siku moja Bukavu, siku moja Lamu. Siku ya pili, zamu ya Lamu, tukiwa kwenye soko la vitabu, mama mmoja wa makamo akamgusa mkono kwa adabu, akauliza maneno ya mgongoni yanasema nini. Alikuwa mtu wa Finland. Alianza kuhudhuria mkutano ulipokwenda kwao Helsinki mwaka 2017.

Lamu akamweleza polepole. Akamwambia kwetu manahodha walisafiri kwa nyota. Kila chombo kina njia yake na msimu wake, na ukishika nyota ya mwenzio utafika anakokwenda yeye. Tena akamwambia nyota kwetu ni ile ya mbinguni, na ni bahati ya mtu vilevile. Yaani usiingie safari kwa kutegemea bahati aliyoandikiwa mwingine. Yule mama akauliza nani ameshona. Tukamwambia, na tukamwambia yuko wapi, na kwa nini hayupo. Akatazama chini. Kisha akauliza kama anaweza kuandika neno moja kwa ndani, kwenye bafta. Lamu akanitazama mimi. Mimi nikampigia Tanga, kwa picha, tukamwonyesha yule mama. Tanga akasema, "Aandike, lakini asiandike kwenye mshono."

Akaandika hapa. Mnaona? *Tähti.* Nyota kwa Kifini.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya siku zilizobaki. Wa Japani akaandika *hoshi*. Wa Wales akaandika *seren*. Kijana wa Nigeria akaandika *kpakpando*, Kiigbo hicho, akacheka peke yake kwa furaha ya kuliona neno la nyumbani kwenye nguo ya mtu mwingine. Mzee mmoja wa visiwa vya Scotland aliandika *rionnag*, mkono unamtetemeka, akaniambia kwao wanaolisema neno hilo wamepungua sana. Na kila aliyeandika alimwona Tanga usoni, kwenye simu, ameketi nyuma ya cherehani yake anakata nguo ya mteja. Siku ya mwisho tulikuwa na maneno 31. Mlango ulimfungia mtu. Haukufungia kazi ya mikono yake, na nawaambia kweli, hilo halikunitosha na halinitoshi mpaka leo. Nilitaka awepo yeye.

Sasa jambo la mwisho, na hapa ndipo nilipoaibika.

Kuna mchezo wa televisheni wa Marekani unaoitwa Star Trek. Ulianza kurushwa tarehe 8 Septemba 1966. Ndani ya chombo kile cha angani kuna afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, jina lake Uhura. Jina hilo limetoka wapi? Semeni kwa sauti. Naam! Limetoka kwenye neno letu, uhuru. Na katika kipindi kile cha kwanza kabisa kurushwa, Uhura anakutana na mwanamume anayemsemesha Kiswahili. Mwaka 1966! Yule mwanamume kwa kweli ni zimwi lililojigeuza, linanyonya chumvi za watu. Lakini zimwi lilipotaka kumpendeza Uhura, lilichagua Kiswahili.

Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa sababu watu weusi walikuwa wakijiona kwenye wakati ujao kupitia kwake. Akabaki. Tangu 1977 akafanya kazi na NASA, shirika la Marekani la safari za angani, kuwatafuta wanawake na watu weusi waingie katika safari za angani. Alifariki 2022.

Siku ya tatu nilikaa meza moja na bibi wa Kiingereza, umri wa wale ninaowatunza kazini, amevaa gauni jekundu la Uhura alilolishona mwenyewe. Zamu ya joho ilikuwa yangu. Tukazungumza. Nikamwambia jina analolipenda tangu utotoni ni neno la kwetu, watu walilipigia kelele barabarani usiku wa Desemba 1961 kule Tanganyika, na Desemba 1963 hapa Kenya, na mama yangu alikuwa mtoto aliyebebwa begani usiku ule. Bibi akaweka kikombe chini. Akaniomba nilitamke. U-hu-ru. Akalirudia mara tatu mpaka likakaa sawa mdomoni. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na yangu pia.

Kisha akauliza swali jepesi kabisa. Akasema, na nyinyi, kwa lugha yenu, mna hadithi gani za nyota?

Nikanyamaza.

Mimi! Niliyelelewa na bibi aliyenionyesha Kilimia, lile kundi la nyota, juu ya paa, akaniambia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mimi niliyelala na hadithi za majini na mazimwi. Nimesoma roketi za Wamarekani tangu nina miaka 12, naweza kuwatajia vyombo vyao kwa majina, na nimevaa mgongoni maneno ya kunikataza kusafiria nyota ya mwenzangu. Nikakosa jibu.

Aliyejibu ni Lamu. Alifungua mkoba akatoa kitabu kimechakaa, jalada limebandikwa gundi. *Walenisi*, cha Katama Mkangi, kilichotoka 1995. Nani hapa amekisoma? Inueni mikono niwaone. (Mikono saba iliinuliwa.) Saba. Ukumbi mzima, saba. Na mwandishi alikuwa mtu wa pwani hii hii, mwalimu wa chuo kikuu aliyewahi kuwekwa kizuizini, akafariki 2004.

Lamu akamhadithia yule bibi. Kuna mtu anaitwa Dzombo, amehukumiwa kufa, akatiwa ndani ya chombo cha kumpeleka kwenye mauti yake. Chombo kinampeleka mbali angani, naye hafi. Anafika nchi isiyofanana na alikotoka, watu wanaishi kwa haki na usawa. Nchi hiyo inaitwa Walenisi. Lamu akachukua kitambaa cha karatasi cha mezani, akaliandika jina, akalikata kwa mistari miwili: wale, ni, si. Yaani wale ni sisi. Akamtafsiria neno moja moja. Yule bibi akakishika kile kitambaa muda mrefu. Akauliza, kitabu hiki kinapatikana wapi kwa Kiingereza? Hatukuwa na jibu la kumpa.

Vijana wangu, mnafahamu nilichokiona pale? Neno letu lilifika angani mwaka 1966, likabebwa na watu wa mbali, likapendwa. Hadithi yetu wenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wa fundi umeme, imebandikwa gundi, na katika maelfu ya watu waliokuwapo mwenye kuihadithia alikuwa mmoja. Mkienda kokote na marafiki zenu, Nairobi, Dar, Ulaya, msiende mikono mitupu. Bukavu alikwenda na mikono miwili. Lamu na kitabu kimoja. Tanga hakwenda, na ndiye aliyepeleka kikubwa kuliko sote. Nawauliza wewe mchoraji, na wewe unayeandika usiku na kuficha daftari chini ya godoro: wewe utapeleka nini?

Namaliza. Tanga yuko hapa. Amevuka mpaka wa Horohoro jana kwa basi, ameketi mstari wa pili, mwenye mtandio wa kijani. Tanga, simama dada, wakuone. (Watu walisimama naye.)

Hii ni mara ya kwanza analishika joho lake tangu lilipotoka dukani kwake. Asubuhi tumelitandika juu ya meza tukasoma maneno yote 31 pamoja, na yeye ndiye aliyegundua. Kuna Kifini, kuna Kijapani, kuna Kiigbo. Hakuna Kidigo. Hakuna Kigiriama, hakuna Kipokomo, hakuna Kitaita, hakuna Kibajuni. Upande wa kushoto, chini ya kwapa, bafta ni nyeupe bado, upana wa viganja viwili.

Kalamu ninazo tatu, za wino usiofutika. Tunaanza na wazee. Msiandike kwenye mshono.